Taa ya "enzi za Yesu" iliyomfanya bi mkubwa aache dawa ya macho, Kinyala

Habari za mihangaiko, wakuu. Haya yametokea nyumbani kwetu, sijaongeza chumvi. Wa kunicheka mtanicheka, ila someni hadi chini.

Chuo nilisoma akiolojia. Leo nauza misumari na mabati Mbeya. Hayo tuyaache.

Bi mkubwa ana presha ya macho. Daktari alisema matone kila siku, bila kuruka. Mwezi wa sita nikaenda kijijini kwetu Kinyala kumsalimia, nikakuta vichupa nilivyompelekea Pasaka havijafunguliwa hata kimoja.

"Mama, mbona hutumii?"

"Mtumishi ananipaka mafuta ya kwenye taa ya Yerusalemu."

Mtumishi ni jamaa wa makamo, anaongoza kikundi cha maombi pale kijijini. Anazunguka majumbani na kitaa cha udongo kinachoenea kiganjani. Eti kina miaka elfu mbili.

Machale yakanicheza.

Taa za hivyo zipo kweli. Wachimbaji wa huko wanazipata sana, makaburini na kwenye magofu ya nyumba. Ndiyo maana watalii wanauziwa za kuiga kila kona.

Alhamisi Mtumishi akaja. Nikamsalimia vizuri, nikaomba kuishika.

Pale utambi unapokaa, safi kabisa. Hakuna hata alama ya moshi. Sawa, nyingine zilizikwa mpya pamoja na marehemu, hilo peke yake halitoshi. Nikauliza:

"Mtumishi, ilichimbuliwa wapi?"

"Chini ya hekalu, Yerusalemu."

Mama akadakia, wala hakuwa na nia mbaya: "Si ulituambia kaburini, Bethlehemu?"

Jamaa akatabasamu. "Mama, huko ni karibu karibu."

Akaifunga kwenye kitambaa. Chai hakumaliza.

Wakuu, kwenye akiolojia kitu kisichojulikana kilipotoka ni bubu. Hata kiwe cha kale kweli, hakina ushahidi wa kutoa. Nikamweleza mama yote hayo, utadhani niko darasani. Akaitikia tu, "Ndaga, mwanangu," yaani asante.

Kesho yake tukaenda hospitali, Tukuyu. Jicho la kushoto limeharibika, halirudi. La kulia daktari anasema litabaki, akishika dawa.

Tukiwa kwenye benchi, hasira zikanipanda. "Mama, yule ulimwamini vipi?"



"Mambo ya taa mimi sijui. Ila alikuwa anakuja, anakaa, ananiuliza nimeamkaje. Wewe ukinipigia uko dukani, unaniambia subiri mama, kuna mteja."

 

Funzo: ukiletewa kitu "cha nchi za Biblia", uliza kilichimbuliwa wapi, na nani, na kama kuna maandishi ya kuthibitisha. Kigugumizi kikianza, shika dawa za hospitali.

Ila mwenzenu nimebanwa. Matone sasa anatumia, lakini anataka Mtumishi aendelee kuja kusali naye, taa aiache kwake. Mimi simwamini hata kidogo, na kuhamia Kinyala siwezi.

Nyie mngemruhusu?