Kitufe Nilichokibana Mwenyewe

Nakumbuka siku moja nilimsengenya mtu asiye na kosa kwa muda wa saa nzima, naye akinisikia neno kwa neno. Kaa, mwanangu, sogeza hicho kigoda. Jana ulipita hapa na redio kol yako mpya inaning'inia kiunoni, ukaniamkia vizuri, halafu ukaanza kunung'unika kwamba waongozaji wenzako wanahama chaneli ili wakutete. Nilinyamaza kwa sababu mama yako alikuwepo. Leo nitakwambia.

Kwanza ujue kwamba mimi mwenyewe ni mtu wa kushuku, nimezaliwa hivyo. Nikikuta ndizi zimepungua kwenye mkungu, namkumbuka kila aliyepita njia ya mfereji tangu Jumapili. Mbwa akinyamaza, najiuliza kapewa nini na nani. Kwa hiyo usidhani nimetoka kanisani kuja kukuhubiria upendo. Ulipo wewe leo, mimi nilijenga kabisa.

Enzi hizo nilikuwa kijana, mwongozaji msaidizi wa wageni wanaopanda mlima. Mkuu wetu alikuwa Mzee Aikaeli, mtu wa hapahapa Marangu, Mlutheri wa kengele ya kwanza. Redio zilipofika kwenye kundi letu zilikuwa tatu tu. Moja akabaki nayo, moja akanipa mimi, ya tatu akampa Firmini, mwongozaji kutoka Rombo. Hapo ndipo nilipoanza kumshuku. Firmini alikuwa mwepesi wa miguu na mzito wa maneno, na kwangu mimi mtu asiyesema sana ana mengi anayoyaficha. Tena ilikuwa ikinong'onwa kwamba Mzee anakaribia kupumzika, na mmoja wetu wawili ndiye atakayeshika nafasi yake.

Mzee alituketisha getini akatufundisha chombo kile taratibu, kama anavyofundishwa mtoto kukamua.

"Hiki cha juu ni cha kuwashia na kuongezea sauti. Hiki cha pili kinachagua chaneli, na sisi tutakaa chaneli moja, asihame mtu. Msiishike kwa antena, huyu si kuku. Sasa hiki cha ubavuni ndicho mdomo. Ukikibonyeza, taa nyekundu inawaka, unasema, wote tunakusikia. Lakini ukiwa umekibonyeza huna masikio, na wenzako hawana njia ya kupita. Sema machache, sema 'ova', achia. Anaeli, umenielewa?"

"Nimeelewa, Mzee," nikajibu, huku macho yangu yakichunguza kama redio ya Firmini ni mpya kuliko yangu.

Ilikuwa mpya kuliko yangu.

Safari yenyewe ilikwenda vizuri hadi siku ya tatu. Firmini alikuwa ametangulia Kibo, kwenye vibanda vya juu kabisa, pamoja na kundi la kwanza. Mzee alibaki kambi ya chini, Horombo, ilipowekwa machela ya gurudumu moja ya kushushia wagonjwa. Mimi nilikuwa kati yao, najiandaa kuvuka ule uwanda mkavu na mpishi wetu, tukipeleka vyakula juu. Asubuhi hiyo Firmini alimpa Mzee habari za wageni redioni, na kabla hajaachia kitufe nikamsikia akimwambia mtu wa pembeni yake jambo kwa Kirombo. Wakacheka. Sisi wa Marangu, mwanangu, Kirombo tunakidaka nusunusu, na ile nusu tusiyoidaka tunajijazia wenyewe. Mimi nilijaza jina langu.

Nikaona haya mpishi asije akawasikia tena wakinicheka. Nikaitumbukiza redio ndani ya koti, nikakaza mkanda wa begi juu yake, tukaanza kutembea.

"Kikulacho ki nguoni mwako," nikamwambia mpishi, na nikaanzia hapo. Nikasema Firmini amemlisha Mzee maneno. Nikasema ule ukimya wake ni wa paka anayenyemelea maziwa. Nikasema anataka niharibikiwe na wageni ili achukue ukuu. Nikasema na mengine yaliyomgusa mama yake, ambayo sitayarudia mbele yako. Ulimi ukishuka mteremko hauna breki.

Baada ya muda mrefu mpishi akaniuliza, "Kaka Anaeli, mbona redio yako haijalia hata mara moja tangu tutoke?"

Nikafurahi, mwanangu. Nakiri kwamba nilifurahi. "Si nilikwambia?" nikasema. "Wamehama chaneli wanisengenye vizuri."

Tulikuwa katikati ya uwanda nilipowaona watu wakishuka kwa haraka. Alikuwa Firmini, amembeba mtu mgongoni, na nyuma yake mpagazi mmoja akimshikilia yule mtu asidondoke. Walipokaribia nikamtambua Onesmo, kijana wa Kirua Vunjo, mpagazi wetu mcheshi kuliko wote. Midomo yake ilikuwa rangi ya majivu na kifua kilikoroma kama maji yanayotokota. Mlima ulikuwa umemwingia mapafuni, na mtu wa namna hiyo dawa yake ni moja tu: ashushwe, tena upesi.

Nikauliza kwa ukali, "Kwa nini hukuita machela?"

Firmini alimlaza Onesmo taratibu, akanijia, akalegeza mkanda wa begi langu, akaingiza mkono ndani ya koti na kuitoa redio. Taa nyekundu, iliyokuwa ikiwaka chini ya mkanda, ndiyo kwanza ilikuwa inazimika. Na mara ile ile ikatoka sauti ya Mzee Aikaeli, imechoka, imekauka:

"...achia kitufe. Anaeli, mwanangu, achia kitufe. Achia."

Firmini akabonyeza. "Mzee, leta machela. Onesmo, mapafu. Tuko uwandani. Ova." Akaachia.

"Nakuja. Ova."

Maneno yale yote hayakufika muda wa kufunga kamba ya kiatu. Na mimi nilikuwa nimeyazuia saa nzima.

Onesmo alipona, Ruwa, Mungu wetu, ashukuriwe, lakini kifua hakikurudi kama zamani. Mlima hakuupanda tena. Hadi leo akipandisha majani ya ng'ombe kwao Kirua hupumzika mara tatu njiani. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ile saa ndiyo iliyomharibu. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba siyo.

Mzee hakunigombeza. Tuliporudi aliniita kwenye kihamba chake, shamba lake la migomba la nyumbani, akakata jani la sale mpakani, lile tunalopeleka kuomba msamaha. Wewe unajua, kwetu mzee akikupelekea sale kwa niaba ya mkosaji, hukatai. Tulikwenda hadi kwa kina Firmini huko Rombo, kupita mji wa Mkuu, na njia nzima Mzee alisema jambo moja tu: "Anaeli, aliyebana kitufe ndiye hulalamika kwamba dunia imenyamaza."

Firmini alilipokea jani kwa mikono miwili. Kisha akaniambia, "Ya mama yangu nimesamehe. Lakini nilikaa na Onesmo mikononi nikisubiri uvute pumzi, nipate nafasi ya kuingia. Hukuvuta."

Yeye ndiye aliyeshika nafasi ya Mzee, na mimi nikafanya kazi chini yake miaka mingi, bila kinyongo. Lile la Kirombo walilochekea asubuhi ile sijalijua hadi leo. Hata kuliuliza sikuthubutu, na nakiri kwamba bado siku nyingine linanikera.

Sasa sikiliza, mwanangu. Sikwambii umwamini kila mtu. Mlimani anayeamini kila wingu hulowa. Shuku ukitaka, lakini ukianza kushuku, anza na mkono wako. Redio ikinyamaza, usiseme wamehama. Itoe nje ya koti, tazama ile taa, tazama kidole chako kiko wapi na mkanda wako umekaza wapi. Na nyumbani vilevile, mkeo akinyamaza, ndugu zako wakinyamaza, jiulize kwanza ni lini mara ya mwisho uliachia. Huenda kuna mtu amembeba mgonjwa, anasubiri uvute pumzi.

Kesho unapanda. Ruwa akutangulie njiani, akupe miguu mikavu na wenzako wazima, akushushe salama kwa mama yako. Na ajaze baraka kwenye masikio yako kabla ya kinywa chako. Haya, nimesema mimi tu muda wote huu. Nimeachia. Sema wewe, nakusikiliza.