Mkono Mmoja Mfukoni

Katika ukoo wetu, kijana anayesimama mbele ya wakubwa akiwa ametia mkono mfukoni ni mtu aliyeshindikana. Mwizi anaweza kusamehewa, mradi aamkie vizuri. Mwenye mkono mfukoni hana msamaha. Bahati yangu, basi, ni kwamba nilijifunza kazi ambayo sharti lake kubwa ni kutia mkono mfukoni.

Kazi yenyewe ni kutengeneza amplifaya za zamani, zile za valvu, yaani vichupa vya kioo vinavyowaka rangi ya chungwa kama makaa yaliyosahauliwa jikoni. Nilimaliza darasa la saba Kongwa, nikaja Dodoma mjini kwa fundi redio mmoja wa Makole. Alinipokea kwa sababu siongei. Alisema mafundi wanaoongea sana huunguza vitu vya watu. Alinifundisha kwamba kuzima swichi hakutoshi, lazima uchomoe plagi. Ukishachomoa, bado umeme umebaki ndani, lazima uumalize, halafu upime uone kama kweli umeisha. Na muda wote huo mkono wa kushoto ukae mfukoni. Umeme ukikupata kwenye mkono mmoja utaumia. Ukikupata kwenye mikono yote miwili unakatiza kifuani, na moyo uliwekwa kifuani bila mafundi redio kuulizwa.

Nilikuwa nakaa kwa shangazi, mtaa wa Nkuhungu. Sebuleni kwake kulikuwa na amplifaya ya gitaa ya marehemu mumewe, aliyepiga katika bendi ya dansi kabla sijazaliwa. Haikuwa imetoa sauti tangu mwenyewe afariki. Shangazi aliifunika kitambaa cha kufuma, akaweka maua ya plastiki juu yake, na wageni wakawa wanaiwekea vikombe vya chai wakidhani ni meza. Siku moja, akichambua mchele, akaniambia:

"Wewe si fundi? Nataka niisikie tena kabla binti yangu hajaolewa akaniacha na maua haya."

Sijawahi kumsikia shangazi akitaka kitu kwa ajili yake mwenyewe. Nikaondoa maua, nikaifungua.

Kila fundi aliyewahi kupita humo aliacha kumbukumbu. Mmoja aliizungushia fyuzi karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Kazi ya fyuzi ni kufa ili wengine wapone, na yeye aliihurumia, akaachia wengine kazi hiyo. Mwingine aliukata waya wa ardhi, ule wa usalama, akaweka plagi ya miguu miwili, na katika tundu la tatu la ukutani familia ilikuwa ikichomeka mfuniko wa kalamu. Elimu ina matumizi mengi. Niliweka fyuzi inayostahili, nikarudisha waya wa ardhi na plagi ya miguu mitatu. Mfuniko wa kalamu nikaurudisha kwenye kalamu.

Zikabaki kapasita. Kapasita ni kimkebe kinachotunza umeme kama mtungi unavyotunza maji, na bomba likikatika, mtungi haumwagiki. Jumamosi moja mchana nilichomoa valvu zote, nikawasha mashine ili nipime. Bila valvu, umeme ulioingia kwenye kapasita hauna wa kuutumia, unakaa tu. Nilipokuwa napima, umeme wa mtaa ukakatika. Nikachomoa plagi, nikageuka kutoa kwenye mkoba rizista, kidude cha kuumaliza umeme huo polepole.

Sasa, shangazi ana vita ya siku nyingi na vumbi la Dodoma. Vumbi lilishashinda, ila yeye hajapewa taarifa. Nilipogeuka kutoka kwenye mkoba, alikuwa ameinama juu ya mashine na kitambaa kibichi mkononi.

"Afadhali wamekata umeme," alisema, "nipanguse humu ndani. Mavumbi gani haya!"

Sauti yangu ni ya kuomba chumvi mezani. Hata chumvi yenyewe huwa naikosa. Nilianza kuandaa maneno kichwani: Shangazi, samahani, naomba kidogo. Ni maneno mazuri, lakini ni marefu, na kitambaa kilikuwa karibu na kapasita kuliko mimi nilivyokuwa karibu na "naomba".

"Acha!"

Nikampiga mkono. Kitambaa kikaruka, kikatua juu ya maua ya plastiki.

Shangazi aliuangalia mkono wake kana kwamba ndio kwanza anaonana nao.

"Umenipiga?"

"Shangazi, umeme…"

"Umeme umekatika, mtaa mzima unajua! Umenipiga mimi? Niliyembeba baba yako mgongoni?"

Binti yake, yule wa kuolewa, alitoka chumbani mbio. "Heh, kaka! Kumbe una sauti!"

Shangazi akampigia simu kaka yake, baba yangu mkubwa. Amri ikaja kwamba nisiguse chochote mpaka afike. Kapasita zikakaa na umeme wao kama ushahidi, nami nikasimama mlangoni kuwazuia kuku.

Baba mkubwa alifika kwa bodaboda, amevaa koti.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Ndiyo wewe unayepiga wanawake?"

Kikao kikafunguliwa. Shangazi alieleza kwa kirefu. Mimi nilieleza kwa maneno kama sita, na mawili yalikuwa "baba mkubwa". Alisikiliza, akakuna kidevu, akatoa maamuzi ya kumfurahisha kila mtu.

"Kama hili sanduku linaua hata pasipo umeme, linatoka leo. Wanunuzi wa chuma chakavu wapo hapo barabarani. Na kama haliui, huyu amempiga shangazi yake bure, atafute pa kukaa."

Shangazi alishtuka. Alikuja kunishtaki mimi, hakujua kwamba sanduku nalo ni mshtakiwa.

"Litoke liende wapi, kaka?"

"Kwani unalifanyia nini? Unawekea maua."

Shangazi aliliangalia tu sanduku, na mimi nikaona kwamba lile alilolitaka wakati anachambua mchele limeanza kutoka mlangoni.

"Haya, fundi," baba mkubwa akasema. "Tuonyeshe huo umeme."

Nikabana waya mweusi wa mita yangu ya kupimia umeme kwenye bati la mashine. Nikatia mkono wa kushoto mfukoni. Nikagusa kapasita kwa waya mwekundu. Mita ikasoma volti zaidi ya mia mbili, na hapo nje mtaa mzima hauna umeme. Nilidhani watashangaa.

"Mkono," baba mkubwa akasema.

Nikadhani anasema habari ya mita.

"Mkono huo! Unasimama mbele ya nani?"

"Baba mkubwa, siwezi kuutoa."

"Huwezi?"

"Labda umekwama," binti akasema, akaangaliwa, akanyamaza.

"Nikiutoa nitajisahau," nikasema. "Nitashika bati kwa huu na kapasita kwa huu mwingine. Itapita hapa." Kifua nilikionyesha kwa kidevu, maana mkono mmoja ulikuwa kazini na mwingine ndio tunaugombania.

Baba mkubwa akaacha Kiswahili, akahamia Kigogo. Kwa kawaida akifika hapo, mimi huwa nimeshaomba radhi zamani. Safari hii sikuomba. Mkono ukabaki mfukoni, umekamata kitambaa cha suruali kana kwamba nacho kitanikimbia.

"Nasema mara ya mwisho. Toa mkono!"

"Hapana, baba mkubwa."

Sijui nani alishtuka zaidi, yeye au mimi. Alianza kuinuka.

"Kaka, mwache," shangazi akasema.

"Nimwache?"

"Marehemu naye alikuwa hivyo hivyo. Akishalifungua hili sanduku lake, mkono mfukoni. Namletea chai, hapokei. Ananionyesha kwa macho niiweke chini! Nikamwambia, unaniringia mimi kwa sababu ya gitaa? Kuna siku nilimnyima chakula kwa ajili ya huo mkono."

"Akasemaje?"

"Angesema nini? Alikuwa bubu kama huyu." Akaangalia mfuko wangu wa kushoto kwa muda. "Kumbe mwanamume alikuwa anaogopa kufa tu, mimi nikidhani anaringa."

Baba mkubwa alikaa. Mimi nikaunganisha rizista, bado kwa mkono mmoja. Namba kwenye mita zikashuka polepole hadi sifuri. Hapakuwa na cheche wala moshi. Kazi hii ukiifanya vizuri haina cha kuonyesha.

"Ndiyo hiyo tu?" baba mkubwa akauliza.

"Ndiyo, baba mkubwa."

"Nimepanda bodaboda kuja kuona hiyo?"

Hukumu ikawa kwamba sanduku linabaki, kwa kuwa mwenye nyumba hataki litoke, nami nimwombe shangazi radhi, kwa kuwa kofi ni kofi. Nikaomba. Nikaelekezwa kwamba siku nyingine nianze na "Shangazi, samahani," nieleze tatizo, ndipo niombe asiguse. Nikaahidi. Umeme haukuulizwa, kwa hiyo wenyewe haukuahidi chochote.

Nilibadilisha kapasita, nikasafisha miguu ya valvu iliyoshika kutu, nikafunga mfuniko wa nyuma kwa skrubu zote. Siku ya kuiwasha baba mkubwa alikuwepo. Valvu hazina haraka, lazima zipate moto kwanza.

"Imekufa," alitangaza.

Ikaanza kunguruma kwa chini. Nikachukua gitaa nililoazima, nikapiga nilichokijua, na nilichokijua si kingi. Sauti ilitoka nene, ya joto, ikajaa sebule yote. Shangazi alisimama pale pale, kisha akachukua kitambaa chake akaenda jikoni. Jikoni kulikuwa kumeshapanguswa asubuhi.

Nikaacha kupiga. Binti yake akamfuata, akakaa huko kidogo, akarudi.

"Anasema marehemu alikuwa anapiga vizuri, wewe hata humkaribii," akaniambia. "Na anasema usiache."