Nta Kwenye Sikio la Gita

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, na zaidi nyinyi wajukuu wangu mnaopita hapa Matisi mkiuliza mbona nyumba ya kukhu, bibi yenu, imenyamaza hivi, kaeni chini. Sikusoma sana. Nitaandika vile nilivyoona, na baba yenu akikasirika, akasirike.

Mama yenu alikuja kuolewa kwangu kutoka Bumula na sanduku moja na gita ya stima. Gita hiyo alinunuliwa na mamake mzazi, na kaka za huyo mama walimtukana sana kwa ajili yake. Walisema msichana wa gita ataolewa na mlevi. Huyo mama aliwajibu neno moja tu: "Siku yangu ya kuzikwa, huyu mtoto asilie. Apige gita, na nyinyi mkae chini msikie."

Sasa, chini ya nyaya za gita kuna kitu kidogo kama kibiriti. Ndani yake kuna sumaku, na waya mwembamba kuliko unywele umezungushiwa hiyo sumaku mara nyingi hata huwezi kuhesabu. Ndicho kinachosikia nyaya zikitetemeka, kikapeleka sauti kwa spika. Sisi tulikiita sikio. Gita ilikuwa na masikio mawili, moja lilikufa zamani. Lililobaki lilikuwa na tabia mbaya: mama yenu akisogea karibu na spika kule kanisani, lilipiga yowe mpaka wazee wakashika vichwa.

Fundi wa redio hapa mjini Kitale akasema dawa ni nta. Sikio lichovywe kwa nta iliyoyeyuka polepole, waya ushikane, yowe litaisha. Baba yenu akasema, "Hiyo hata mimi naweza." Hakununua mishumaa. Alichukua nta iliyoletwa kutoka mlimani vile ilivyotoka kwa mzinga, na asali yake na miguu ya nyuki. Mimi nimezaliwa kwa watu wa mizinga. Nta huchemshwa na maji, huchujwa kwa kitambaa, huachwa ipoe, ndipo ukaiita nta. Nilimwambia. Akacheka.

"Mama, hii si mzinga. Hii ni mambo ya stima."

Yowe liliisha, kweli. Sauti nayo ikaisha. Gita ikawa kama mtu anaongea chini ya blanketi. Kisha sisimizi wakapiga mstari kutoka dirishani mpaka tumboni mwake. Baba yenu akafurahi. "Heri sasa tutapumzika. Tena amepata mashabiki, si uone vile wamejaa!" Yeye mwenyewe aliwahi kujaribu kujifunza hiyo gita, vidole vikamkatalia. Hakusahau.

Ndipo simu ikaja kutoka Bumula. Mama yake mama yenu amefariki. Mazishi Jumamosi.

Mama yenu hakupiga nduru. Aliingia jikoni kwangu na gita kifuani. "Mama, nisaidie kutoa hii nta."

"Utaimba na mdomo kama wengine," baba yenu akasema kutoka mlangoni. "Ama maiti inalipa kiingilio?"

Nilimfukuza. Kisha nikamwambia huyo msichana afute uso, kwa sababu sikumwita jikoni kulia. Yule fundi alituelekeza kwa simu: maji yawe moto lakini yasichemke, tukiona mapovu tutoe, na tusivute waya hata kidogo. Mama yenu alifungua skrubu mwenyewe. Tuliweka sufuria ndogo ndani ya kubwa yenye maji. Makaa nikayafunika na majivu. Sikio tukalilaza kwenye kitambaa cha pamba cha nguo kuukuu, ndani ya ile sufuria ndogo kavu. Nta ikaanza kulegea, ikanywewa na kitambaa. Tukabadilisha kitambaa. Kilitoka cha kahawia, kinanukia asali, na sisimizi waliokufa wamekwama juu yake. Cha pili kikatoka na rangi ya chai. Cha tatu kilikuwa karibu cheupe. Tukaona waya wenyewe, mwekundu, unang'aa.

"Mama, gita italia tena," akaniambia. Hiyo ndiyo mara pekee nilimwona akitabasamu wiki hiyo.

Ilibaki nta kidogo kwenye kona. Wanawake wa kanisa wakaingia uani kutupa pole, na ni aibu mfiwa kutopokea pole. Tukatoka. Nilimwambia baba yenu, "Kaa hapa. Usiguse kitu."

Tuliporudi maji yalikuwa yanaruka. Alikuwa ametoa majivu na kuongeza makaa, ati jiko linachelewa na yeye anataka maji ya kuoga. Plastiki ya lile sikio ilikuwa imejikunja kama ngozi ya ng'ombe iliyoachwa juani. Mama yenu akainua kitambaa, na waya ukainuka nacho, umekatika vipande.

"Si mlitaka nta itoke?" baba yenu akasema. "Imetoka."

Akachota maji yake akaenda kuoga.

Jumamosi mama yenu alibeba gita hivyo hivyo mpaka Bumula. Kwetu mwanamume hakaribii maiti ya mama mkwe wake, kwa hivyo baba yenu alikuwa amekaa mbali kwenye turubai ya wakwe, anakula. Mjomba mkubwa wa mama yenu alishika maikrofoni.

"Haya bana, leteni yule msanii. Dada yangu alisema tukae chini tusikie. Tumekaa!"

Mama yenu akapiga. Nyaya zililia kama mbu. Watu wakainama mbele, wakatazamana.

"Hii ni gita," mjomba akauliza, "ama ni kamba ya kuanika nguo?"

Wakacheka. Mbele ya jeneza, watu wazima, wakacheka mpaka mmoja akakohoa. Mama yenu akatazama huku na huku, kisha akasogea na kuegemeza kichwa cha gita kwenye ubao wa jeneza, akapiga tena. Na ubao ukaitika. Mimi nilikuwa kiti cha mbele, nilisikia: sauti nzito, ya chini, ndani ya lile sanduku. Hakufika hata nusu ya wimbo.

"Ondoa hiyo takataka kwa maiti!" Mjomba alimvuta mkono, gita ikaanguka kwenye udongo wa kaburi. Mama yenu aliiokota mwenyewe. Hakuna aliyemsaidia.

Tuliporudi Kitale, kabla hatujavua viatu, baba yenu aliwasha tivii. Kulikuwa na mpira. Niliizima, nikang'oa waya wake ukutani, nikasimama katikati ya sebule.

"Sikilizeni nyote. Kuanzia leo, mpaka gita ya huyu mama ilie, hakuna kitu kingine kitalia ndani ya nyumba hii. Si redio, si tivii, si simu."

"Hata mpira, Mama?"

"Hata mpira. Na wewe usipige hata mluzi. Ukitaka kusikia kitu, toka uende umtafutie sikio."