Moto wa Kuchemshia Langilangi

Mjomba wangu Youssoufa alipima ngozi za ng'ombe kwenye ghala la bandarini Mahajanga, na harufu ya ngozi humfuata mtu mpaka kwenye wali wake. Pua yake, lakini, ilibaki kisiwani Nosy Be, alikomzika mkewe, Hayrat. Marehemu hakuwa akilala bila maua ya langilangi nywelani. Ndiyo maana mjomba alipanda mlangilangi nyuma ya nyumba yetu, mtaani Mangarivotra. Ulipochanua, akatangaza kwamba ataikamua ile harufu mwenyewe, "kabla sijaisahau."

Maua akayaloweka katika spiriti. Mfaransa wa duka la dawa, alikoinunua, aliitazama kofia ya mjomba, akaitazama chupa, akauliza kama Waislamu nao wameanza kunywa.

Ikabaki kuipasha spiriti taratibu mpaka igeuke mvuke, harufu ibaki bakulini. Kwa moto gani?

"Makaa," alisema mama yangu, Koulsoum.

"Mvuke wa spiriti ukikutana na kaa jekundu, Koulsoum, mtanizika na nyumba."

"Basi jiko la mafuta ya taa."

"Hilo ndilo linalotoa ulimi wa moto kabisa!"

Mimi, niliyeacha masomo ya ualimu katikati, nikapendekeza jua.

"Jua linainywa harufu yote, mwalimu nusu."

Mwishowe akachagua maji: yachemkie uani, yaingie chumbani kwenye beseni, bakuli lielee juu yake. Ndani hakuna hata kiberiti. Dirisha akalifunga, asipoteze harufu hata kidogo.

Ilikuwa Alhamisi jioni. Na kwetu kila Alhamisi jioni nyumba hufukizwa ubani, chumba kwa chumba, kuukaribisha usiku wa Ijumaa. Mjomba alikuwa ameyaogopa majiko yote ya Mahajanga, akamsahau dada yake. Mama akasukuma mlango, chetezo mkononi, makaa yamekolea, midomo ikisoma salawati.

Fuu! Moto wa buluu ukaruka. Mjomba akalifunika bakuli kwa sinia, ukazimika. Uliondoka na nyusi zake, na bakulini hakukubaki kitu ila masizi.

"Kaka! Umeungua?" Mama akakimbilia dirisha.

"Usifungue!"

Mjomba alikuwa ameketi sakafuni, kainua pua. Ubani na langilangi vilikuwa vimechanganyika hewani. Hayrat naye alikuwa akifukiza kila Alhamisi, maua yamo nywelani.

"Kaa, Koulsoum. Nawe, mwalimu nusu, funga mlango. Yupo kidogo."

Tukakaa, tukikohoa. Hakuna aliyethubutu kugusa dirisha mpaka yeye mwenyewe alipoacha kunusa.