Marahaba ya Diwani

Kwa miaka kumi na tano Donatus Ngassa alikuwa diwani wa kata moja jirani na Katoro, na katika muda huo wote hakujenga hata choo cha zahanati. Alichojenga ni hotuba moja tu, kwamba mwanamke anayevaa suruali ameivua heshima ya Kisukuma. Kwa hotuba hiyo alishinda mara tatu.

Binti yake, Agnetha, aliendesha lori la kubebea mawe mgodini. Suti aliyoivaa baba yake majukwaani ilitoka mfukoni mwa Agnetha, ila jambo hilo Donatus hakulitaja kamwe.

Katika mkutano wa mwisho wa kampeni, Agnetha alifika moja kwa moja kutoka zamu, angali na ovaroli na buti zenye vumbi. Hakuja kubishana, alitaka baba yake amtambue mara moja tu mbele ya watu. Akapiga goti kama alivyolelewa.

"Shikamoo, baba."

Donatus alimtazama buti, kisha akakigeukia kipaza sauti. "Ndugu zangu, huyu ametumwa na wapinzani."

Hata wapambe wake waliinamisha vichwa. Mlinzi wa heshima alikuwa ameinyima shikamoo jibu lake. Agnetha alibaki chini mpaka bibi mmoja aliyeketi mbele aliposema, "Marahaba, ng'wanawane. Inuka, mwanangu. Huyo ana suti, hana mtoto."

Watu wakacheka.

Siku ya uchaguzi Agnetha alipanga foleni na ovaroli yake, na kwa mara ya kwanza hakumpigia kura baba yake.