Gesi Imeisha

Fundi wa gesi hupaka povu la sabuni kwenye maungio ya bomba kama anayempaka bibi harusi wanja, taratibu, ulimi nje kidogo. Povu likitulia, hupiga mluzi. Likitoa kipovu kimoja tu, hufungua na kuanza upya, akiliomba bomba radhi kwa Kifaransa. Najma wa Tanga, mwenye mgahawa huu wa mtaa wa Kensington, ugenini, hachoki kumtazama. Ameingoja zamu yake miaka miwili, maana bomba la mtaa lilifika mapema ila gesi, aliambiwa, haiwatoshi wote. Leo asubuhi ameshaugawa bure mtungi wake wa gesi.

Fundi ni mnene, na akijikunja pumzi humkatia maneno. “Mama, gaz imeisha!” akaita kutoka chini ya meza.

Najma akaangusha mwiko. “Imeisha? Hata sambusa moja sijakaanga!”

Fundi akajivuta nje, akahema. “Imeisha kuingia, Mama, iko ndani tayari. Kwetu Lubumbashi tunasemaka hivyo.” Akawasha jiko, na moto wa buluu ukachanua.

Najma akakimbilia mlangoni, kwa wateja. “Jamani, gesi imeisha!” Akawaacha wagune kwanza, ndipo akapiga kigelegele: “Kuingia!”