Usimuulize Askari Kama Uwanja Uko Sawa

Siku ya kwanza kazini sikugusa usukani. Nilipewa ndoo, kitambaa na ndege ndogo ya injini moja iliyojaa wadudu waliopondeka kwenye mabawa, nikaambiwa niioshe. Nilikuwa nimetoka Kakamega na leseni mpya ya urubani mfukoni, nikidhani Kampala nzima inanisubiri mimi. Vita vya kuutwaa mji vilikuwa vimekwisha, lakini kaskazini bunduki bado zililia na barabara hazikuaminika. Kampuni yetu ilibeba madaktari, dawa na wagonjwa, ikitua kwenye viwanja vya porini ambavyo kwa kweli vilikuwa malisho ya ng'ombe yaliyofyekwa.

Aliyenifundisha ni Rubani Mkuu, Muganda mnene mwenye sauti ya chini na ulimi wa pilipili. Alinifundisha kupita chini, yaani kuruka juu ya uwanja kabla ya kutua ili ufukuze mbuzi na uone upepo unatoka wapi. Alinifundisha pia kuuogopa udongo mweusi wa Karamoja. Mvua ikinyesha hugeuka gundi, na nyasi huficha maji yake yasionekane kutoka juu. Tairi la mbele likizama humo, ndege hupinduka. Kwa hiyo ilibidi tumuulize kwa redio mtu aliye chini, ambaye mara nyingi alikuwa askari.

"Usiulize kama uwanja iko sawa," aliniambia. "Hiyo ni hatali. Askari hawezi kukataa mkubwa. Atasema, 'Iko sawa, afande,' na utakufa na hiyo afande yako. Mwambie atembee katikati, halafu uliza kiatu yake imezama wapi."

Alipostaafu niliwekwa chini ya Meneja wa Safari, bwana wa ofisini Nakawa aliyedhani mawingu yanafuata ratiba. Alasiri moja ya masika alinituma kwenye kambi ndogo kaskazini mwa Kaabong, huko huko Karamoja. Mke wa askari wa redio alikuwa na uchungu tangu jana yake, mtoto amekwama, na mto umekata barabara ya kwenda hospitali. Ni ndege tu ambayo ingemfikisha kwa daktari wa upasuaji. Na mtu wa kuniambia kama nitue au nisitue alikuwa huyo huyo mume wake.

Nilikwenda chini ya mawingu, mvua ikipiga kioo hata nikawa natazama kupitia dirisha la pembeni. Mafuta yaliniruhusu kuzunguka kidogo tu, kisha nikimbilie Moroto kabla ya giza, maana viwanja vile havikuwa na taa. Nilipita chini. Uwanja ulikuwa wa kijani, umenyooka, unapendeza. Pembeni niliona watu wamebeba machela, na mwanamke juu yake amefunikwa turubai. Aliinua mkono. Sijui kama yalikuwa maumivu au alikuwa ananipungia.

Nilitaka sana kutua. Nilimwambia yule askari atembee katikati ya uwanja na redio yake, nami nikazunguka nikimngoja. Nilimwona akienda, akisimama, akienda tena. Kisha akasimama kabisa.

"Kiatu imezama wapi?" nikauliza.

Redio ikakoroma tu. Nikauliza tena.

"Afande, kiatu yote imeingia. Maji iko chini ya nyasi. Usishuke, afande. Rudi."

Niligeuza ndege nikaenda Moroto nikilia. Usiku kucha wenzake walifyeka kipande cha changarawe kwenye mwinuko, na asubuhi nikatua hapo. Mwanamke alikuwa amefariki, na mtoto wake tumboni. Kabla ya kuondoka nilikwenda kuukanyaga ule uwanja mzuri, nikazama mpaka kwenye ugoko.

Niliruka miaka mingi baada ya hapo, chini ya mameneja wengine, wema kwa wakorofi, mpaka macho yangu yaliposhindwa mtihani wa daktari. Sasa ninakaa Bukoto, hapa Kampala. Marubani vijana huja kutaka siri ya kuzeeka katika kazi ile, wakitarajia niwaambie habari za ujuzi. Mimi nimezeeka kwa sababu mtu mmoja aliniambia nirudi, naye alikuwa na kila sababu ya kuniambia njoo.

Mwaka jana mzee mmoja mrefu alibisha mlangoni. Alikuwa mlinzi wa ghala huko Bwaise. Sikumtambua mpaka aliponiita afande, kwa sauti ile ile ya redioni. Alikataa chai.

"Kama mimi nilisema iko sawa, ungeshuka?"

"Ningeshuka."

"Na ungeruka tena, na mke wangu ndani?"

"Hapana," nikamwambia. "Ndege ingepinduka. Mimi ningekufa, na yeye pia."

Akainamisha kichwa. Akanieleza kwamba waliobeba machela walimsikia akinifukuza, na habari ikawafikia wakwe zake. Tangu siku ile hawajampokea nyumbani kwao. Aliomba kitu kimoja tu, niwaambie wao nilivyomwambia yeye.

Tulipanda basi mpaka Lira, kwa wakwe zake. Kaka wa marehemu alitusikiliza amesimama mlangoni, mkono kwenye mwimo, kama mtu aliye tayari kufunga. Nilimweleza yote, mpaka ule udongo uliofika kwenye ugoko wangu. Nilipomaliza alimtazama mwenzangu, akautoa mkono kwenye mwimo.

"Shemeji," akasema, "ingia ndani."

Mimi nilibaki nje kidogo, nikajifuta macho, ndipo nikawafuata.